Daktari wa Porini Aliyeingia Bungeni

Hotuba ya tabibu mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Terrat



Nimeombwa niseme juu ya afya. Mwalimu aliponiletea habari nilimjibu, Mwalimu, juu ya afya mimi nimesema miaka karibu arobaini. Chemsha maji. Chimba choo. Peleka mtoto kliniki. Watu hawa wameyasikia mpaka masikio yamechoka. Mwalimu akasema, basi sema jambo jingine, lakini liwe la afya hilo hilo. Nikalala nalo. Asubuhi nikaona niwasimulie habari za mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa daktari wa kupasua, tena wa hospitali ya kijijini. Baadaye akawa mbunge. Baadaye tena akawa Waziri wa Afya wa nchi yetu. Jina lake ni Leader Stirling. Neno "Leader" kwa Kiingereza maana yake ni kiongozi. Lakini kwake halikuwa cheo. Ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kama sisi tunavyomwita mtoto Mfalme, naye anakua anachunga mbuzi kama wenzake.

Mtaniuliza, mbona umetuletea habari za Mzungu? Je, hatuna madaktari wetu? Tunao, na wengi. Lakini mwaka 1961, tulipopata uhuru, madaktari Waafrika wenye shahada katika Tanganyika yote walikuwa 12 tu. Waweke hapa darasani, hawajazi hata benchi mbili. Kwa hiyo ukitafuta daktari wa kijijini wa miaka ile aliyeingia katika kutunga sheria, utamkuta huyu. Na alikuwa raia mwenzetu. Aliishi nasi, alifanya kazi nasi, akazeeka huku. Sikupata kumwona kwa macho, ingawa alikuwa mkuu wangu wa kazi, kama mtakavyosikia.

Alizaliwa Uingereza Januari 1906. Alisomea udaktari huko London. Mwaka 1935 akaja Tanganyika, kufanya kazi katika misheni ya Waanglikana iliyoitwa UMCA. Akapelekwa kusini kabisa, upande wa Masasi, mahali paitwapo Lulindi. Kutoka hapa petu mpaka huko ni kuvuka nchi nzima. Sisi tuko karibu na mpaka wa Kenya. Wao wako karibu na mto Ruvuma, ng'ambo yake ni Msumbiji.

Huko Lulindi hakukuta hospitali ya matofali. Majengo yalikuwa ya miti na udongo, yameezekwa nyasi. Nataka mfikiri kidogo juu ya mwaka huo wa 1935. Penisilini haikuwapo. Dawa hiyo tuliipata huku baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtu akikatwa na panga na jeraha likaoza, daktari alikuwa na maji ya moto, chumvi, dawa za kuosha, na kisu. Barabara mvua ikinyesha ilikuwa tope. Mgonjwa aliletwa kwa machela, watu wanne wanabeba, wanne wanapumzika, siku nzima au siku mbili. Mama aliyeshindwa kujifungua aliletwa hivyo hivyo.

Na magonjwa yenyewe? Wazee mnayajua. Buba, ambayo vijana hawa hawajaiona, na heri yao. Vidonda ndugu vya miguuni. Ukoma. Malaria. Safura.

Safura nitaieleza, maana hotuba yangu yote imefungwa hapo.

MGONJWA ANAYERUDI

Safura ni kupungukiwa damu. Mtu anakuwa mweupe viganjani na ndani ya kope. Akitembea kidogo anahema. Hawezi kulima, na majirani wanamwita mvivu. Katika nchi za joto na mvua, kama kule kusini, safura nyingi huletwa na minyoo midogo. Minyoo hiyo inakaa tumboni na kunyonya damu. Mayai yake yanatoka na kinyesi. Mtu akijisaidia vichakani, mayai yanaanguliwa udongoni. Kisha mtu mwingine anapita pekupeku, na viminyoo vinaingia kwa nyayo. Havihitaji hata kidonda. Vinatoboa ngozi.

Sasa daktari anampa mgonjwa dawa. Minyoo inatoka. Mgonjwa anapata nguvu, anashukuru, analeta hata kuku. Anarudi nyumbani. Nyumbani hakuna choo, na viatu hana. Baada ya miezi kadhaa yuko tena mlangoni kwa daktari, mweupe vile vile. Anapewa tena dawa. Anarudi tena. Mwaka wa kwanza daktari anasema, maskini, ugonjwa umemrudia. Mwaka wa tano, kama daktari ana akili, anaanza kujiuliza swali jingine. Hivi mimi namtibu mtu huyu, au nachota maji kwa tenga?

Sisemi kwamba Stirling aliyasema maneno hayo. Ni maneno yangu mimi niliyekaa zahanati. Lakini daktari yeyote wa kijijini hufika mahali hapo. Choo hakimo katika sanduku la dawa. Maji safi hayamo katika sindano. Viatu, barabara, chakula cha mtoto, havimo. Vitu hivyo viko mahali pengine. Viko kule watu wanakokaa na kugawa fedha ya nchi na kuandika sheria.

Msidhani ni mambo ya Masasi tu. Tuangalieni sisi wenyewe hapa, tunaokaa karibu na mlima Meru. Nikisema mcheke, nitaona meno ya rangi ya kahawia. Mnajua sababu. Ni maji. Maji ya sehemu nyingi za huku yana madini ya floridi kupita kiasi, kwa sababu ya mawe ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajijenga, meno yanatoka na madoa. Akiyanywa kwa miaka mingi na kwa wingi, hata mifupa inaharibika, miguu inapinda. Na kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inazidi kukolea. Haya, nipeni daktari bingwa wa dunia nzima, mweke hapa Terrat na kisu chake. Atafanya nini juu ya floridi? Hatafanya kitu. Maji yanataka bomba kutoka chemchemi nyingine, au mtambo wa kuyasafisha. Na bomba linataka fungu katika bajeti. Bajeti inapitishwa na wabunge.

Kwa hiyo daktari ana njia mbili. Ama akae na mgonjwa anayerudi, ama aende kule bajeti ilipo. Stirling alitaka yote mawili, na hilo ndilo lililonivuta kwake.

WAUGUZI WA LULINDI

Kabla sijafika bungeni, niseme jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Mimi naona ndilo kubwa.

Kule Lulindi, Stirling alianza kufundisha vijana wa pale pale kazi ya uuguzi, wanaume kwa wanawake. Wakati ule watu wengi wenye madaraka hawakuamini kwamba kijana wa kijijini wa kusini anaweza kujifunza kazi hiyo mpaka akapewa cheti. Yeye alifundisha. Vijana wakajifunza kusafisha vyombo, kufunga vidonda, kuzalisha, kusaidia kwenye upasuaji, kuandika joto la mgonjwa kwenye karatasi.

Alikaa Lulindi miaka 14. Mwaka 1949 akaingia Kanisa Katoliki, akahamia misheni ya Wabenediktini ya Mnero, wilaya ya Nachingwea. Nchi ile ile ya kusini. Wakati huo Nachingwea ilikuwa na kelele za matrekta. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeanzisha mpango mkubwa wa karanga. Ilimwaga pauni milioni nyingi, ikafyeka pori, na karanga hazikupatikana za maana. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Nawaambia hili mlione vizuri. Upande mmoja wa wilaya fedha inazama ardhini. Upande mwingine, hospitali ya misheni inahesabu bandeji. Mtu akiishi katikati ya mambo hayo mawili lazima aulize, nani huamua fedha iende wapi?

Mnero alikaa miaka 15. Halafu mwaka 1964 akaja huku kwetu kaskazini, hospitali ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Wengine wenu mna ndugu waliotibiwa Kibosho. Hapo alikaa miaka mitano.

KURA TATU

Sasa bungeni. Hapa nataka wahitimu wa kisomo mnisikilize kwa makini, maana habari hii inawahusu.

Mwaka 1958 serikali ya Waingereza ilileta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Watu walikuwa wakiliita Lejiko. Lakini uchaguzi ule ulikuwa wa ajabu. Kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu kwa mara moja. Moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Ukiandika jina la Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu wachache sana, na viti vikagawanywa sawasawa.

Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ilikupasa uwe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, ama uwe umefika darasa la nane, ama uwe na kazi fulani yenye cheo. Darasa la nane! Katika nchi nzima waliojiandikisha walikuwa kama 60,000 tu. Baba yangu hakupiga. Hakujua kusoma, na ng'ombe wake hawakuhesabiwa kuwa mapato. Nadhani na baba zenu wengi ni hivyo hivyo. Kutojua kusoma kulimfunga mtu mlango wa kura. Leo mtu asiyejua kusoma anapiga kura, na ni haki yake. Lakini wakati ule kalamu ilikuwa ndiyo ufunguo.

Katika TANU wengi walikasirika. Walisema tususie. Januari 1958 walikutana Tabora, wakabishana kwa siku kadhaa. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie katika uchaguzi huo huo mbovu, wawaunge mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na uhuru, ili viti vyote viwe vya watu wa upande mmoja. Wengine hawakukubali, wakatoka katika chama. Lakini hesabu ya Mwalimu ilikuwa sahihi.

Uchaguzi ulifanywa kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. Huku kwetu Jimbo la Kaskazini walishinda watatu: Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Bi Sophia Mustafa alikuwa mama wa hapa hapa Arusha mjini. Wote waliungwa mkono na TANU. Na kule kusini, daktari wa Mnero akasimama kwa kiti cha Mzungu, naye akiungwa mkono na TANU. Alipita bila kupingwa.

Basi akaingia Lejiko. Baada ya uhuru Lejiko ikawa Bunge. Akachukua uraia wa nchi hii. Alikaa katika baraza hilo na Bunge mpaka mwaka 1980. Ni miaka 22.

Lakini hakuacha kisu. Mkutano ukiisha Dar es Salaam, pale ukumbi wa Karimjee, alirudi kwa wagonjwa wake. Na mjue safari ya kusini ya siku zile. Mto Rufiji ulikuwa hauna daraja upande ule. Masika ikija, barabara inafungwa, watu wanangoja, au wanakwenda kwa meli mpaka Lindi. Daraja lenyewe, linaloitwa Daraja la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003. Katika mwaka huo huo, Februari, Stirling alifariki dunia, umri wake miaka 97. Hakuliona.

Nami nilijiuliza swali ambalo mgonjwa yeyote angeuliza. Daktari akiwa Dar es Salaam anasikiliza hotuba, mama aliyekwama na uzazi kule Mnero anasaidiwa na nani? Hilo si swali dogo. Daktari mmoja akiondoka hospitali ya porini, watu wanaweza kufa. Jibu lake ni wale vijana aliowafundisha. Bila wauguzi, ubunge wake ungekuwa kuwakimbia wagonjwa. Ndiyo maana nimesema jambo la wauguzi ndilo kubwa. Mtu anayetaka kwenda kugombania makubwa aangalie kwanza nyumbani kwake kama kuna mtu wa kushika karai.

MWAKA 1975

Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975. Mwaka huo una maana kwenu. Agosti 1975 ndipo watu wazima nchi nzima walifanya mtihani wa kusoma na kuandika. Mwaka 1967 waliojua kusoma walikuwa kama 33 katika kila watu wazima 100. Baada ya mtihani ule wakawa 61. Na miaka miwili kabla, mwaka 1973, ilikuwapo kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Wazee mnaikumbuka? Naona yule bibi anatikisa kichwa. Watu walikaa chini ya mti na redio na kitabu kidogo kwa wiki 12. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, kisha wanashika majembe wanakwenda kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni mbili waliingia katika vikundi vile. Safura haikupigwa na dawa peke yake. Ilipigwa na jembe na kitabu.

Kwa hiyo waziri yule alikuta kazi imeanza. Serikali ilikuwa imekwisha kuamua, baada ya Azimio la Arusha, kwamba fedha ya afya isiishie hospitali kubwa za mjini. Wakati wa uhuru vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22. Ilipofika mwaka 1980 vilikaribia 240, na zahanati zilizidi 2,000. Mwaka 1975 ulianza mpango wa kuchanja watoto nchi nzima, surua, kifaduro, pepopunda, donda koo, polio na kifua kikuu. Katika sehemu ya miaka hiyo Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine, kijana wetu wa Monduli.

Mimi ni mmoja wa vijana waliofundishwa wakati huo kwa ajili ya zahanati hizo. Nilimaliza chuo mwaka 1977, nikapewa koti jeupe, kipimo cha masikioni, na barua ya kwenda kazini. Kila mtu aliniita Bwana Mganga. Nilijiona mkubwa sana.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sikuja kumpaka mtu mafuta.

Mwaka 1977, yeye akiwa waziri, ilitungwa sheria ya kuzuia mtu binafsi kufungua hospitali ya kupata faida. Nia ilikuwa njema, kwamba ugonjwa wa mtu usiwe biashara. Hospitali za misheni ziliachwa ziendelee. Mimi wakati ule niliipigia makofi. Leo nasema niliharakisha. Zahanati za serikali zilikuwa na majengo, lakini miaka iliyofuata dawa zikawa chache. Mlango wa binafsi umefungwa, na mlango wa serikali uko wazi lakini ndani hakuna kitu. Mgonjwa aende wapi? Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, watu binafsi wakaruhusiwa tena. Nao wengine wamekuwa wachuuzi hasa, kama ile sheria ilivyoogopa. Sijui kama pana mtu aliyepata kuiweka mizani hii sawasawa.

Na kuwa daktari peke yake si kinga. Banda wa Malawi alikuwa daktari, aliwatibu watu Uingereza. Alitawala tangu 1964 mpaka 1994, akajifanya rais wa maisha. Kwa hiyo koti jeupe msilipigie kura hivi hivi.

KASHA TUPU

Nimesema juu ya dawa kuwa chache. Nitawaeleza jambo langu, kisha nimalize.

Ilikuwa mwaka 1979. Tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera. Mafuta ya petroli yalikuwa ghali, fedha ya kigeni hakuna. Mimi nilikuwa katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Kwa wiki tatu kabatini mwangu mlikuwa na pamba, dawa ya kuosha vidonda, na vidonge vya minyoo. Klorokwini hakuna, ya vidonge wala ya sindano. Nilikuwa nimeandika kuomba mara mbili kwa wakubwa wangu. Sikupata jibu.

Jioni moja mama alileta mtoto wa kike wa miaka mitatu. Malaria, imeshapanda kichwani. Mtoto anatetemeka, macho yamegeuka. Nilimpoza kwa maji. Nilimtia maji ya sukari kinywani kidogo kidogo. Basi. Hospitali ilikuwa mbali, kilomita 40 na zaidi. Tulipata gari la mahindi usiku. Alifia njiani, kichwa kikiwa pajani kwa mama yake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nikishika taa.

Niliporudi nikaandika katika daftari langu, tarehe, jina, ugonjwa, na maneno mawili: "Dawa hakuna." Nikafunga daftari. Mama yule aliniambia, "Asante Bwana Mganga, umehangaika." Neno lile lilinikaa kuliko angenitukana.

Lakini kilichonisumbua baadaye ni kitu kingine. Mbunge wa sehemu ile alikuja kijijini mwezi uliofuata. Alihutubia. Watu walicheza ngoma. Akauliza, kuna matatizo? Mwenyekiti akasema, hakuna, Mheshimiwa, tunamshukuru Mungu. Nami nilikuwa nimesimama pale, daftari likiwa ofisini kwangu, umbali wa hatua mia moja. Sikusema. Nilidhani mbunge ni mtu wa hotuba, na mganga ni mtu wa sindano. Nilidhani waziri kule Dar es Salaam anajua kila kabati la kila zahanati. Na waziri mwenyewe alikuwa daktari wa porini miaka thelathini na zaidi! Kama kuna waziri ambaye angeelewa maana ya maneno mawili "Dawa hakuna," ni huyo. Lakini angejuaje? Mimi niliyaandika nikayafungia.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa kupeleka makasha ya dawa kwa kila zahanati, kwa msaada wa Denmaki na UNICEF. Kasha moja kila mwezi, limefungwa tayari, la kila zahanati sawasawa. Nilipofungua kasha langu la kwanza na kuona klorokwini zimepangwa, nilitoka nje kidogo. Miaka minne ilikuwa imepita.

Nawaambia haya kwa kuwa sasa mnaandika. Watu wa Meru walikwisha kutuonyesha. Mwaka 1951 walipofukuzwa Engare Nanyuki, walikusanya senti zao wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, mwaka 1952, kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini dunia iliandika jina la Meru. Ninyi hampelekwi New York. Ninawaomba mwandike katika daftari la kijiji siku ambayo dawa haikuwapo, na siku ambayo mtu aliambiwa anunue glavu mwenyewe. Tangu 1993 tulianza kuchangia matibabu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo isomeni, au msomewe. Mbunge akija na kuuliza kama kuna matatizo, msimpe ngoma kwanza. Mpeni daftari.

Hapo nilitaka kumaliza, lakini naona mkono wa bibi yule pale mbele. Sema, koko.

Bibi anauliza hivi: Mtu huyo umesema alipita bila kupingwa. Sasa waliomchagua ni akina nani, kama hakuna aliyepiga kura?

Koko, umenikamata. Ni kweli. Mara ile hakuna aliyepiga kura. Waliompitisha ni chama, na waliompima ni wagonjwa wa Lulindi na Mnero, ambao wengi wao hawakufika darasa la nane na kwa sheria ile wasingeruhusiwa hata kugusa karatasi. Sina jibu zaidi ya hilo. Nitaongeza swali lako katika daftari langu, ukurasa wa kwanza.

Mwalimu ananionyesha saa. Chai iko tayari pale chini ya mti, na maji yake nimeambiwa ni ya mvua.